Mto Hupimwaje? Kazi ya Wataalamu wa Maji na Sehemu ya Vyama vya Msingi

Kila mwaka, kati ya Agosti na Oktoba, maji ya mito inayoteremka kutoka Mlima Kilimanjaro na Mlima Meru hupungua, na kadiri yanavyopungua ndivyo maneno yanavyozidi. Wanachama wa vyama vya chini hudai kwamba wenzao wa juu wameyafunga maji katika mifongo yao. Wa juu hujibu kwamba mvua haikunyesha ya kutosha. Kisha wote kwa pamoja huwanyoshea kidole wenye mitambo ya kumenya kahawa, kwamba wamekichafua hata kile kidogo kilichobaki. Shauri hufikishwa kwa Katibu wa Chama, naye hana la kujibu ila yale aliyosimuliwa.

Hapo ndipo inapoonekana tofauti kati ya kusema "maji yamepungua" na kusema "maji yamepungua kutoka lita 80 hadi lita 35 kwa sekunde." Neno la kwanza lina wapinzani siku zote. La pili laweza kupelekwa mbele ya Bodi ya Maji ya Bonde likasikilizwa, kwa sababu mtu mwingine anaweza kwenda pale pale, akapima kwa njia ile ile, akaona kama ni kweli.

Makala haya yanaeleza jinsi wataalamu wanavyopima mito na maziwa wakiwa huko huko kwenye maji, mbali na maabara zao. Jambo hili si la wataalamu peke yao. Tanzania Bara imegawanywa katika mabonde 9 ya maji, na Bonde la Pangani, ambalo ofisi yake ilianzishwa mwaka 1991, ndilo linalochukua mito ya Kilimanjaro na Meru. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009, anayechepusha maji ya mto kwa kilimo au kwa kiwanda anatakiwa awe na kibali, na kibali hutaja kiasi. Kiasi hicho hakitoki hewani. Hutokana na vipimo vya mto vya miaka mingi: mto una maji kiasi gani wakati wa kiangazi kikali, wangapi wamekwisha kupewa, na kiasi gani hakina budi kuachwa kiendelee chini kwa ajili ya watu, viumbe vya majini, Bwawa la Nyumba ya Mungu na mitambo ya umeme iliyo mbele yake. Ikiwa vipimo vya mto fulani havipo, au vipo lakini si vya kweli, mgawo wa maji ya wanachama wote wa mto ule umejengwa juu ya mchanga.

UBAO WA KINA NA MSOMAJI WAKE

Chombo cha kwanza cha kupimia mto ni cha kawaida kabisa: ubao au bati lililochorwa mita na sentimita, likasimamishwa imara ukingoni, mara nyingi karibu na daraja. Mkazi wa jirani huajiriwa au huombwa kuusoma asubuhi na jioni na kuandika namba katika kitabu. Watu wengi hupita wakidhani kwamba ubao huo ni mabaki ya ujenzi wa daraja. Wapo waliong'oa mabati yake wakayafanyia kazi nyingine.

Ubao hausemi mto una maji kiasi gani. Husema tu maji yamefika wapi. Hata hivyo kazi ya msomaji ndiyo msingi wa yote, na yampasa awe mwaminifu. Mtaalamu aliyezoea hutambua upesi kitabu kilichojazwa nyumbani. Mto hauwezi kusimama kwenye sentimita 42 kwa siku 19 mfululizo, ilhali kituo cha mvua kilichopo kilomita chache juu yake kimeandika mvua kubwa mara mbili katika siku hizo hizo. Tena mto hupanda kwa ghafla na kushuka polepole. Mwenye kubuni namba huupandisha na kuushusha kwa mwendo mmoja, kama ngazi. Kitabu cha namna hiyo hutupwa chote, pamoja na kurasa zake za kweli, maana hakuna ajuaye zipi ni zipi.

Siku hizi vituo kadhaa vimewekewa vyombo vinavyojiandikia vyenyewe kila baada ya dakika chache na kupeleka habari kwa mitambo ya simu. Hilo ni jema, lakini chombo hicho huzibwa na tope, betri yake huisha, na mara nyingine huibwa. Ubao na msomaji wake bado hutumika kukisahihisha.

KUTOKA KINA HADI WINGI WA MAJI

Ili kujua wingi wa maji yanayopita, mtaalamu huuvuka mto. Huchagua mahali uliponyooka, pasipo mawe makubwa wala mizunguko, akavuta kamba yenye alama kutoka ukingo hadi ukingo. Kisha huugawa upana wa mto katika vipande vingi, kwa kawaida 20 au zaidi, kwa sababu mto hauendi kwa kasi moja: katikati hukimbia, ukingoni hujivuta, na chini hupunguzwa mwendo na mawe.

Katika kila kipande hupima kina, kisha hushusha mashine ndogo yenye pangaboi linalozungushwa na maji. Idadi ya mizunguko katika muda uliowekwa, tuseme sekunde 60, humpa kasi ya maji. Iwapo kina si kirefu, mashine huwekwa sehemu 6 katika 10 za kina kutoka juu, kwa kuwa uzoefu umeonyesha kwamba kasi ya hapo hukaribiana sana na wastani wa kasi ya maji yote ya kipande hicho. Penye kina kirefu hupimwa mara mbili, kwenye sehemu 2 na sehemu 8 katika 10, na wastani ukachukuliwa.

Hesabu yenyewe haimshindi mtunza hazina wa chama. Kipande chenye upana wa mita 0.5 na kina cha mita 0.4, maji yakienda mita 0.3 kwa sekunde, hupitisha mita za ujazo 0.06 kwa sekunde, yaani lita 60. Vipande vyote hujumlishwa, na jumla ndiyo maji ya mto kwa saa ile.

Bila shaka hakuna awezaye kuuvuka mto kila siku kwa kazi hiyo. Kwa hiyo wataalamu hupima mara kadhaa katika hali mbalimbali, kiangazi, masika, na mto ukiwa wa wastani, na kila mara huandika pia namba ya ubao. Kutokana na vipimo hivyo huchora mstari unaoonyesha kwamba ubao ukisoma sentimita kadha, maji ni lita kadha. Tangu hapo namba ya msomaji huweza kugeuzwa kuwa lita kwa sekunde, hata kwa siku ambazo mtaalamu hakuwapo. Mafuriko makubwa yakichimba kitanda cha mto au kuleta mchanga mwingi, mstari ule haufai tena, na hapana budi kupima upya. Hii ndiyo sababu timu ya vipimo huonekana tena na tena mahali pale pale, jambo ambalo wanakijiji wengine hulishangaa.

Katika mito mikubwa hutumika chombo kinachofungwa kwenye mashua ndogo, kikituma sauti isiyosikika na masikio ya binadamu ndani ya maji. Sauti hiyo hurudishwa na chembe zinazoelea, na kutokana na mabadiliko yake chombo hutambua kasi katika kina mbalimbali. Kazi ya nusu siku humalizika kwa dakika chache. Lakini kwa vijito vya mlimani, vinavyoruka juu ya mawe, mashine ya pangaboi wala mashua haifai, na hapo wataalamu hutumia chumvi ya kawaida ya jikoni. Chumvi iliyopimwa uzito huyeyushwa katika ndoo na kumwagwa kijitoni kwa mara moja; chini zaidi, yalipokwisha kuchanganyika, mtu husimama na kipimo cha upitishaji umeme akiandika jinsi maji yanavyozidi kupitisha umeme, kisha yanavyorudi hali yake. Kijito kikubwa huipunguza chumvi sana, kijito kidogo huipunguza kidogo, na hesabu hutoa wingi wa maji. Kiasi cha chumvi kinachotumiwa ni kidogo na hupita kwa dakika chache, kwa hiyo wanachama wanaoona ndoo ikimwagwa wasidhani kwamba mto unatiwa dawa.

MFONGO NAO HUPIMWA

Kwa vyama vyetu sehemu yenye faida zaidi pengine ni hii. Mfongo, yaani mfereji wa asili, hauhitaji mashine ya gharama. Njia nyepesi ni ya kitu kinacholea. Hupimwa mita 10 za mfongo ulionyooka, kipande cha mti kikaachwa kielee, na muda ukaangaliwa kwa saa. Kikitumia sekunde 25, kasi ya juu ni mita 0.4 kwa sekunde. Kwa kuwa maji ya juu huenda upesi kuliko ya chini, namba hiyo huzidishwa kwa 0.85, ikawa 0.34, katika mfongo wenye nyasi na mawe hupunguzwa zaidi ya hapo. Mfongo ukiwa na upana wa mita 0.6 na kina cha mita 0.2, maji ni kama lita 41 kwa sekunde. Jambo hili hurudiwa mara tatu au zaidi na wastani ukachukuliwa. Ni kipimo cha makadirio, lakini makadirio yaliyoandikwa yanashinda ugomvi.

Njia iliyo bora ni kuweka ubao wenye pengo la pembe tatu katikati ya mfongo, pembe yake ya chini ikiwa nyuzi 90, ili maji yote yapite katika pengo hilo na kuanguka upande wa pili kwa uhuru. Urefu wa maji juu ya ncha ya pengo hupimwa nyuma kidogo ya ubao, si pale pale yanapoanguka. Maji yakiwa na urefu wa sentimita 10, mfongo unapitisha kiasi cha lita 4.4 kwa sekunde. Yakiwa sentimita 20, wengi hudhani ni mara mbili ya hizo. Sivyo: ni lita 24.7, zaidi ya mara tano. Kutojua jambo hili kumezaa dhuluma nyingi zisizokusudiwa katika ugawaji wa maji, kwa maana mtu aliyeongezewa "vidole viwili tu" huenda amepewa sehemu ya jirani yake yote.

Chama kikipima mfongo wake kwenye banio na tena mwishoni, kitaona pia ni kiasi gani kinachopotelea njiani. Mifongo ya udongo huvuja, mingine huvuja sana. Mara kadhaa mwizi wa maji aliyekuwa akitafutwa ameonekana kuwa ni panya na mizizi ya miti.

UBORA WA MAJI: KWA NINI WATAALAMU HUPIMA PALE PALE

Wingi peke yake hautoshi. Lakini ubora una tabu yake: maji yakishatiwa katika chupa huanza kubadilika. Joto hupanda au hushuka, hewa huingia na kutoka, vijidudu huendelea kula. Kwa hiyo mambo matano hupimwa mtoni, mtaalamu akiwa amesimama majini: joto, kiasi cha oksijeni iliyoyeyuka, hali ya uchachu inayoitwa pH, upitishaji umeme, na tope. Kabla ya kuondoka ofisini, vyombo hujaribiwa kwa maji maalumu ambayo kipimo chake kinajulikana. Mtaalamu asiyefanya hivyo ni kama mnunuzi wa kahawa asiyekagua mizani.

Upitishaji umeme huonyesha chumvi zilizoyeyuka. Kwa umwagiliaji, maji yaliyo chini ya maikrosiemens 700 kwa sentimita hayana shida ya chumvi kwa mazao mengi. Yakizidi 3,000 ni hatari kwa shamba. pH ya 7 ni ya katikati. Chini yake ni uchachu, na maji ya ute wa kahawa yaliyochacha hushuka hadi karibu 4.

Maji ya kupelekwa maabara huchukuliwa kwa utaratibu. Mchukuaji huingia mtoni akielekeza uso juu, maji yanakotoka, ili tope analotimua mwenyewe lisiingie chupani. Chupa huzamishwa kiasi cha sentimita 20 hadi 30, mdomo ukielekea mkondo, mbali na ukingo. Kila kipimo kina chupa yake. Ya vijidudu lazima iwe imechemshwa kwa mvuke na isiguswe mdomoni, ikawekwa kwenye barafu na kufikishwa maabara ndani ya saa 6 ikiwezekana, na isizidi saa 24. Ya madini hutiwa asidi ili madini yasigande kwenye kuta za chupa. Na kipimo hiki chawahusu wakulima wa kahawa, kwa kuwa dawa za shaba zinazopuliziwa dhidi ya chulebuni na kutu ya majani, zikisombwa na mvua hadi mtoni, huwadhuru samaki na viumbe vidogo. Ya floraidi huwekwa katika plastiki wala si kioo, kwa sababu floraidi hushikana na kioo.

Floraidi yenyewe inastahili kutajwa peke yake. Haina rangi, harufu wala ladha, na kuchemsha maji hakuiondoi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa. Katika baadhi ya mito na chemchemi za upande wa Mlima Meru, Ngarenanyuki ukiwa mmojawapo, kiasi chake huzidi kikomo hicho mara kadhaa, kwa sababu ya miamba ya volkano. Meno ya kahawia ya watoto wa huko ni ishara ya wazi, na palipo na kingi mno mifupa nayo hupinda. Katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, wataalamu wameshughulikia njia ya kuipunguza kwa kuyachuja maji katika mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Hapa jicho la mkulima, hata liwe kali namna gani, halina msaada: kijito kilicho kisafi kama kioo huenda ndicho kibaya.

OKSIJENI NA MAJI YA KAHAWA

Samaki na wadudu wa mtoni huvuta oksijeni iliyoyeyuka, ambayo ni kidogo sana. Katika joto la nyuzi 20, usawa wa bahari, lita moja ya maji haiwezi kushika zaidi ya miligramu 9 hivi, na mlimani hushika pungufu. Mwaka 1888 mkemia wa Hungaria, Lajos Winkler, aligundua njia ya kuipima kwa kutia dawa zinazoishika oksijeni pale pale mtoni, kisha kuihesabu kwa matone ya dawa nyingine. Njia hiyo bado yatumika kuvikagua vyombo vya umeme vilivyochukua nafasi yake.

Uchafu unaooza, kama ute na maganda ya kahawa, hauui samaki kwa sumu. Huwalisha vijidudu, vijidudu huongezeka, navyo huvuta oksijeni yote. Nguvu ya uchafu huo hupimwa kwa kuuacha katika chupa gizani kwa siku 5 katika nyuzi 20 na kuangalia oksijeni iliyotumika. Kiwango cha Tanzania kwa maji machafu yanayoruhusiwa kuingia mtoni ni miligramu 30 kwa lita kwa kipimo hicho. Maji yatokayo kwenye kumenya na kuosha kahawa hufikia maelfu.

Tuchukue mfano wa hesabu. Kijito cha kiangazi kina lita 50 kwa sekunde, na nguvu ya uchafu wake ni miligramu 2 tu. Mtambo unatoa lita 2 kwa sekunde zenye miligramu 3,000. Mchanganyiko unakuwa na miligramu 117 kwa lita, ilhali oksijeni yote iliyomo katika lita hiyo haifiki 9. Maji hayo yakiteremka, oksijeni hukwisha, nayo hunuka. Na bahati mbaya ni kwamba msimu wa kahawa ya Kilimanjaro, kuanzia kama Julai hadi Desemba, huangukia hasa wakati mito ina maji machache. Uchafu ule ule ukimwagwa wakati wa masika pengine usingeonekana.

Ili kujua nani amechafua, mtaalamu hupima mahali patatu au zaidi: juu ya mtambo, chini yake mahali maji yalipokwisha kuchanganyika, na mbali zaidi kuona mto unapojirudia. Mtambo ulio wa kwanza juu hauwezi kusingiziwa makosa ya wa pili, wala wa pili ya wa kwanza. Saa ya kupima nayo ina maana kubwa. Wanachama huleta kahawa mbivu mchana, na kumenya hufanyika jioni hadi usiku. Anayefika na chupa yake saa nne asubuhi huenda akakuta mto umekwisha kujisafisha, akaandika kwamba hakuna tatizo. Wataalamu waangalifu huacha chombo majini kikiandika oksijeni kila dakika 15 kwa usiku na mchana. Mchoro wake ukishuka kila siku baada ya machweo wakati wa msimu, na kutulia siku ambazo mtambo haukufanya kazi, habari imekwisha kujieleza.

Wapo pia mashahidi wasiohitaji betri. Chini ya mawe ya mto huishi mabuu ya wadudu, kaa, konokono na minyoo. Mabuu fulani yenye mikia miwili au mitatu hayawezi kustahimili maji yaliyokosa oksijeni hata kwa usiku mmoja. Kereng'ende hustahimili kiasi. Minyoo na mabuu mekundu ya visubi hustawi penye uchafu. Mtaalamu huyapiga mawe teke mbele ya wavu, humwaga alichokipata katika sinia jeupe, na kutoa alama kwa kila jamii iliyoonekana, alama kubwa kwa wadudu wasiopenda uchafu. Kwa kuwa mabuu hayo hukaa mtoni kwa wiki na miezi, hueleza yaliyotokea usiku ambao hakuna mtu aliyekuwapo. Utaratibu huu ulitungwa kwanza kwa mito ya Afrika Kusini, na baadaye ukatungiwa mito ya Tanzania alama zake yenyewe, ujulikanao kwa kifupi TARISS. Wanafunzi wa shule huweza kufundishwa namna iliyorahisishwa kwa siku moja.

Kuhusu vijidudu vya kinyesi, maabara huchuja mililita 100 za maji katika karatasi yenye matundu madogo mno, na kuiweka karatasi hiyo katika chakula cha vijidudu penye joto la nyuzi 44 hivi kwa usiku mzima. Kila kijidudu huota kuwa doa linaloonekana kwa macho. Katika maji ya kunywa hakutakiwi doa hata moja la vijidudu hivyo.

NENO KUHUSU MAZIWA

Maziwa hupimwa kwa njia hizo hizo, ila kina huleta jambo jipya. Katika Ziwa Victoria, lenye eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi, urefu wa maji umeandikwa huko Jinja, Uganda, tangu mwaka 1896. Kumbukumbu hizo ndizo zilizoonyesha kupanda kwa ziwa kwa zaidi ya mita 2 kati ya 1961 na 1964, na ndizo zilizothibitisha kwamba Mei 2020, maji yalipoingia majumbani na mashambani kando ya ziwa, rekodi ya 1964 ilikuwa imevunjwa. Tangu 1992 setilaiti nazo hupima urefu wa maziwa kutoka angani, lakini namba zake hulinganishwa na za ubao.

Uangavu wa maji ya ziwa hupimwa kwa sahani ya sentimita 20 yenye robo nyeupe na nyeusi, ishushwayo kwa kamba hadi isionekane. Padre na mwanafalaki wa Italia, Pietro Angelo Secchi, ndiye aliyeifanyia majaribio baharini mwaka 1865. Katika miaka ya 1920 sahani hiyo ilionekana hadi zaidi ya mita 5 katika maji ya wazi ya Ziwa Victoria. Kufikia miaka ya 1990 mara nyingi haikufika 3. Sababu ilikuwa kuongezeka kwa mwani unaolishwa na mbolea, udongo na maji machafu ya nchi kavu. Mwani huo ukifa huzama, na kuoza kwake humaliza oksijeni ya chini. Kwa hiyo wataalamu hushusha chupa iliyo wazi pande zote mbili hadi kina wanachotaka, kisha huachia uzito uteremke kwenye kamba na kuifunga. Bila chombo hicho, anayeteka maji ya juu angesema ziwa zima ni zima.

YANAYOHITAJIWA KWA CHAMA

Chama cha Msingi hakitarajiwi kununua vyombo. Vipo vitu vinne kilivyo na uwezo navyo. Cha kwanza ni kuulinda ubao uliopo katika eneo lake. Ukiinama au kung'olewa, Katibu aiarifu Ofisi ya Bonde mara moja wala asiusimamishe mwenyewe, maana ubao uliosogezwa sentimita 5 bila kuandikwa huharibu vipimo vya miaka.

Cha pili ni kuandika. Daftari la mto linahitaji safu chache: tarehe, saa, namba ya ubao au ya pengo la mfongo, mvua ya jana iliyosomwa saa tatu asubuhi, na nafasi ya maelezo, kwa mfano kwamba banio lilifungwa au mtambo wa kahawa ulifanya kazi kutoka saa fulani hadi saa fulani. Siku isiyosomwa iachwe wazi. Nafasi tupu haimdhuru mtu. Namba ya kubuni humdhuru kila mmoja.

Cha tatu ni kuomba kipimo kwa wakati unaofaa. Barua iandikwe mapema, kabla ya Agosti, ikitaja mahali, msimu wa mtambo na saa za kumenya, na ikiombwa kwamba vyama vya juu na vya chini vipeleke kila kimoja mjumbe wa kusimama na kushuhudia. Kipimo kilichofanywa mbele ya upande mmoja hukataliwa na upande wa pili, hata kiwe sahihi.

Cha nne kinawahusu vyama vyenye mitambo. Kabla ya msimu wapime maji wanayotumia kwa kila kilo ya kahawa mbivu, kwa pipa na saa tu. Kumenya kwa njia ya zamani huweza kutumia lita 40 na zaidi kwa kilo, na mtambo unaorudisha maji yake kwenye mzunguko hutumia sehemu ndogo sana ya hayo. Maji machache huhitaji shimo dogo la kuyapokea, na shimo hilo lichimbwe mbali na ukingo. Maganda yapelekwe kwenye mboji. Baada ya hapo sampuli ichukuliwe juu na chini ya mtambo, jioni, siku ambayo kahawa imeletwa kwa wingi, na majibu yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa chama pamoja na bei ya kahawa.